Kimoja Hakiui Mtu

Akron, Ohio
2 Novemba 2017

Bi Hostetler,

Sianzi kwa salamu. Ukinisamehe sawa, usiponisamehe sawa. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha Tess, hospitalini, tangu juzi. Sikutaka kukupigia simu. Kwenye simu ningepiga kelele, na mtoto amelala.

Unajua kwamba Tess hali karanga. Si kwamba hazipendi. Zinamuua. Wiki mbili kabla ya Halloween nilipita Mtaa wa Quince mlango kwa mlango, na kila nyumba nikaacha boga dogo nililolipaka rangi mwenyewe, buluu ya kijani, pamoja na karatasi. Niliandika kwa herufi kubwa: ukiliweka boga hili mlangoni, watoto wenye mzio wa vyakula watajua kwamba kwako watapata kitu kisicholiwa, penseli, stika, mpira, chochote, na wao wavae mavazi ya kuigiza wapite nyumba kwa nyumba kuomba zawadi kama wenzao. Duane Stutz alinirudishia lake papo hapo. "Halloween ni peremende," alisema. "Asiyeweza, akae kwao." Wewe ulilipokea langu kwa mikono miwili. Ulisema, "Rangi nzuri hii, mwanangu."

Jumanne jioni lilikuwa mlangoni kwako. Nililiona kwa macho yangu. Kwa miaka yote mitatu tuliyoishi hapo nimekuwa nikimfuata Tess hadi kizingitini, nikimnyang'anya peremende mkononi mbele ya watu, na yeye akiniangalia chini kwa aibu. Mwaka huu ametimiza saba. Nilimwambia, "Kwenye boga la buluu nenda mwenyewe. Mimi nitasimama barabarani."

Alikwenda kwako amevaa mavazi yake ya mpiga mbizi, na chupa mbili za soda zilizopakwa rangi ya fedha mgongoni. Alirudi akitembea polepole. Hatukufika nyumba ya pili. Alianza kujikuna shingo, akakohoa, halafu akanishika mkono akasema, "Mama, kuna kitu kibaya kinakuja." Mimi, mjinga, niligeuka nyuma. Nilidhani kuna mtu amevaa kinyago.

Nilipomgeukia tena, midomo yake ilikuwa imevimba na sauti imekauka. Nilimdunga sindano ya adrenalini pajani, juu ya nguo. Ndani ya gari la wagonjwa wakamdunga ya pili. Baada ya muda wa saa nne, tukidhani yamekwisha, yakarudi upya.

Alikuwa na chokoleti kwenye pembe za mdomo. Nakuuliza jambo moja tu. Ulimpa nini?

Janelle Mercer


Wooster, Ohio
6 Novemba 2017

Mpendwa Janelle,

Barua yako nimeipata, na nimeshtuka sana. Namwombea Tess asubuhi na jioni. Kanisani tumemtaja jina.

Nilimpa penseli na kichupa cha povu la sabuni, kama karatasi yako ilivyoagiza. Nilikuwa nimevinunua mapema na kuvipanga kwenye kikapu. Watoto wana mifuko mikubwa, na mtaa una nyumba nyingi. Mtu hawezi kujua mtoto ameokota nini wapi. Najua una uchungu, na mwenye uchungu humshika aliye karibu. Sikulaumu.

Nina swali, na nakuomba unijibu hata kama hutaki kuniandikia jambo lingine. Umesema mtoto alikwambia kuna kitu kibaya kinakuja. Alisema hivyo kweli, maneno hayo hayo? Au ni wewe uliyeyapanga ulipokuwa ukiandika?

Wako,
Lorraine Hostetler


Fort Wayne, Indiana
12 Novemba 2017

Bi Hostetler,

Tuko kwa mama yangu. Tess anapumua vizuri. Hatarudi Mtaa wa Quince, na mimi pia sirudi. Mwisho wa mwezi watu watakuja kubeba vyombo.

Siku kumi alikaa kimya. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, akawa anaitazama blanketi tu. Jana, tukiwa tunakula, alimwambia mama yangu, si mimi. Nayaandika kama alivyosema, kwa sababu wewe ndiye unayeuliza habari za maneno hayo hayo.

"Bibi Lorraine alinipa penseli na povu. Nikasema asante. Akasema, 'Maskini, penseli tu?' Akaingia ndani akaja na sahani ya macho ya paa. Nikasema Mama amekataza. Akasema, 'Mama yuko barabarani. Kula haraka. Kimoja hakiui mtu.' Nikala, kwa sababu ni nyumba ya buluu."

Mama yangu aliweka uma chini. Halafu Tess akauliza kama polisi watamkamata Bibi Lorraine, maana hakutaka kukuchongea. Mtoto aliyekaribia kufa ndiye aliyekuwa akikuficha, na wewe mtu mzima ulikuwa unaniandikia habari za watoto wenye mifuko mikubwa.

Macho ya paa yako nayajua. Mtaa mzima unayajua, siagi ya karanga iliyoviringwa vidonge na kuchovywa kwenye chokoleti, imeachwa wazi juu kama mboni. Ningeweza kuelewa kama ulisahau. Ningeweza kuelewa hata kama hukusoma karatasi. Lakini uliisoma, ukanunua penseli, ukaweka boga langu mlangoni, halafu ukampa. Laiti usingeliweka hilo boga.

Swali lako nalijibu, ingawa sijui unalitakia nini. Ndiyo, ni maneno yake. Daktari alisema ni dalili. Kuna wagonjwa wa mzio ambao mwili huwatangulia kujua, wakahisi balaa linakuja kabla hata ya kuanza kuvimba. Alisema mtoto akitamka hivyo asipuuzwe kamwe.

Nakuuliza mara ya pili na ya mwisho. Kwa nini?

Janelle Mercer


Wooster, Ohio
20 Novemba 2017

Janelle,

Tess amesema kweli, kila neno. Mimi ndiye niliyesema uongo.

Unauliza kwa nini. Jibu la kwanza ni dogo hata naona haya kuliandika. Nilimwonea huruma. Alisimama pale na zile chupa zake mgongoni, ameshika penseli, na nyuma yake watoto wa jirani walikuwa wakihesabu chokoleti. Nilidhani haya mambo ya mzio ni deko la siku hizi. Nilidhani wewe ni mama mwoga, na mimi ni bibi mwenye busara, na kwamba nampa mtoto siri kidogo ya furaha. Hilo ndilo jibu ningekupa kama ungeniuliza siku ile ile.

Lakini barua yako ya kwanza niliisoma nimesimama jikoni, na nilipofika kwenye yale maneno ya kitu kibaya kinakuja nilikaa sakafuni. Nilibaki hapo mpaka simu ikalia ikanyamaza, ikalia tena. Ndiyo maana nilikuuliza kama ni yake kweli. Nilikuwa naomba Mungu uniambie ulitunga.

Nilikuwa na mtoto wa kiume, Dale. Hapa mtaani hakuna aliyebaki anayemjua. Alifariki jioni ya Halloween mwaka 1975, ana miaka sita.

Dale hakupenda karanga. Akipewa mkate wenye siagi ya karanga humpa kaka yake, Glenn, aliyekuwa na tisa. Alikuwa akisema, "Inaning'ata ulimi, Mama." Tulimcheka. Baba yake alimwita Bwana Mchaguzi. Jioni ile mama mkwe wangu alikuwa amekuja na sahani ya macho ya paa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyatengeneza. Watoto walirudi kutoka kuzunguka, Glenn akala matatu, Dale akaisukuma sahani. Mama mkwe akanitazama, unajua jinsi mkwe anavyoweza kukutazama. Nikaona haya. Nikamwambia mwanangu, "Acha deko, mheshimu bibi yako. Kula. Kimoja hakiui mtu."

Alikula. Alikuwa mtoto mtiifu.

Akatoka ngazini. Glenn alikuwa amejificha na kinyago cha zimwi, akamrukia. Dale akapiga yowe, akakimbilia ndani, akashika aproni yangu, akasema, "Mama, kuna kitu kibaya kinakuja." Nikacheka. Nilidhani anasema kinyago. Nilimwambia, "Ni Glenn tu, mpumbavu wewe." Dakika kumi baadaye alikuwa hapumui vizuri. Mimi nikawa kwenye simu nikitafuta daktari, baba yake akakimbia kuwasha gari, lakini hatukuvuka mji.

Daktari aliandika pumu. Alisema labda ni hofu, labda ni baridi, kifua kimefunga. Hakuna aliyeuliza alikula nini. Na mimi, siku ya mazishi, nilimwambia Glenn mbele ya watu, "Ungemwacha tu mwenzio." Nilimwambia hivyo mtoto wa miaka tisa.

Kila mwaka tangu hapo nimetengeneza macho ya paa. Miaka arobaini na miwili. Watu walidhani ni mapenzi ya watoto, na kweli yalikuwa mapenzi. Nilikuwa najifariji kwamba cha mwisho alichokula Dale kilikuwa kitamu, kilitoka mkononi mwangu. Nikawa nawagawia watoto wa watu kile kile.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi, sikuyajua. Lakini niliyompa Tess niliyaficha, na hayo niliyajua. Siombi msamaha katika barua hii. Nimekujibu ulichouliza.

Sahani nimeivunja.

Lorraine


Fort Wayne, Indiana
9 Desemba 2017

Bi Lorraine,

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Ya pili nililia nikaichana. Mama yangu alisoma barua yako akatoka nje bila koti, na huku theluji imeshaanza.

Nilimpelekea daktari wa Tess maneno yako, bila jina. Nilitaka aniambie kwamba haiwezekani. Alisoma mara mbili, akavua miwani. Alisema hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumwona, tena baada ya miaka mingi hivyo. Halafu akasema, "Ila akiletwa kwangu leo, swali la kwanza nitakalouliza ni kala nini." Akaniambia enzi zile madaktari wengi hawakufikiria jambo hili, sembuse mama aliye jikoni. Nakuandikia hayo kwa sababu ni haki yako kuyajua. Mimi si mkatili.

Lakini usidhani Dale amekulipia ya Tess. Kidonge kile naweza kukielewa sasa. Ulimpa kwa ujinga, na ujinga huo ulikugharimu kabla haujanigharimu mimi. Uongo ndio siuelewi. Siku nne baada ya barua yangu ulikuwa tayari unajua, ulishakaa kwenye sakafu yako, na bado ukachukua kalamu ukaniandikia kwamba hujui. Kama Tess angefia hospitalini, ungeniacha nizunguke mtaa mzima nikimtafuta aliyempa?

Na kuna jambo linaninyima raha, sijui kama linanihusu. Glenn. Mtoto wa kinyago. Anajua?

Usiniandikie tena mpaka uwe umemwambia.

Janelle


Wooster, Ohio
11 Februari 2018

Janelle,

Nimemwambia.

Anaishi Toledo, si mbali, lakini kwangu huja Krismasi na siku ya kuzaliwa kwangu, basi. Mwezi wa Oktoba hakanyagi. Watu wakiniuliza husema ana kazi nyingi. Hajaoa, hana mtoto. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Sasa nadhani nilikuwa naogopa jibu.

Jambo hili halisemwi kwa simu. Nilipanda basi. Nilipofika, alinifungulia mlango akadhani nimefiwa na mtu. Nilikaa mezani na koti langu, nikamsomea barua yako ya kwanza, halafu ile yenye maneno ya daktari, kwa maana kwa maneno yangu nisingeweza. Halafu nikasema, "Glenn, si kinyago. Hakikuwa kinyago hata siku moja. Ni mimi, na kile kidonge. Na nilikubebesha wewe."

Hakupandisha sauti. Alisimama, akachukua kikombe kilichokuwa safi, akakiosha. Akakiosha tena. Akasema akiwa amenipa mgongo, "Mama, mimi sijawahi kumrukia mtu tena. Hata kwa mchezo. Hata kazini mtu akiwa amenipa kisogo, nakohoa kwanza asije akashtuka."

Nilikuwa sijui hilo. Nimemzaa na sijui hilo.

Akatoka nje. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Aliporudi alisema, "Sina la kukwambia leo. Nitakurudisha nyumbani." Mlangoni kwangu alinisubiri mpaka nikawasha taa, akaondoka. Hajapiga simu tangu siku hiyo, na leo ni wiki ya tatu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wakati wa kahawa, niliomba wanisikilize. Nilitaja jina la Tess na jina la Dale. Nilisema boga lilikuwa mlangoni kwangu na sumu ilikuwa mkononi mwangu. Nilisema pia kwamba nilikudanganya, nikataja na tarehe ya barua ile. Duane Stutz alikuwa na kipande cha keki, hakukila. Mke wa mchungaji alianza kusema kwamba Mungu anajua moyo wangu, nikamwambia anyamaze kidogo, sijamaliza.

Ulisema nisiandike kabla. Ndiyo maana nimechelewa.

Lorraine


Wooster, Ohio
8 Oktoba 2018

Janelle,

Sina haki ya kukualika mahali popote. Naandika kukupa habari tu.

Nilipaka maboga mwaka huu. Rangi yangu haikulingana na yako, imekwenda zaidi upande wa kijani, lakini karatasi nilinakili neno kwa neno. Nilipita nyumba zote ishirini na mbili. Mbele ya kila mlango nilieleza kwa mdomo vilevile, kwamba boga si pambo, ni ahadi, na asiyetaka kuishika asilipokee. Kumi na tano wamelipokea. Mama mmoja kijana, wa nyumba ya kona, aliangua kilio. Mtoto wake ana mzio wa maziwa na mayai, na kila Halloween walikuwa wakizima taa na kujifanya hawapo. Miaka miwili wamekaa gizani nyumba tano kutoka kwangu.

Duane alikuja mwenyewe kuchukua la kwake. Alisema, "Moja la mbele, na moja la mlango wa nyuma." Hakuna mtoto apitaye mlango wa nyuma, lakini nilimpa.

Glenn amepiga simu. Ameuliza, "Tarehe thelathini na moja, unahitaji mtu wa kusimama mlangoni?"

Kwangu hakutakuwa na kitu cha kuliwa, si kwenye kikapu, si jikoni.

Mwambie Tess namsalimu, kama unaona inafaa.

Lorraine


Fort Wayne, Indiana
4 Novemba 2018

Bi Lorraine,

Tulifika nyumbani salama kutoka kwako. Tess alilala njia yote, na povu la sabuni lilimwagika kwenye kiti.

Nilipokuja siku ya Halloween nilikuwa sijaamua kama tutashuka kwenye gari. Nilizunguka mtaa mara mbili. Tess ndiye aliyesema, "Mama, utaegesha ama vipi?" Alikataa kubisha hodi mlango wowote, umeona. Alitaka kukaa ngazini tu awatazame wengine. Nilisimama karibu naye muda wote, na nitasimama hivyo hivyo kila atakapokuwa kwako, usinielewe vibaya. Kidonge nimekusamehe. Uongo bado. Nikifika pa kuusamehe nitakwambia.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lilitokea ukiwa ndani unatafuta stika, na Glenn hatakusimulia. Si mtu wa kusimulia.

Alikuwa amekaa ngazi ya chini, Tess ngazi ya juu. Wakati hakuna watoto langoni, alimuuliza bila kumtazama, "Nikuulize kitu? Kile kitu kinapokujia, kinauma?"

Nilitaka kumkatiza. Sijui kwa nini sikumkatiza.

Tess alifikiri kweli kweli, kama anavyofikiri hesabu. Akasema, "Hakiumi sana. Kinatisha. Unajua kuna kitu kibaya kinakuja lakini hukioni. Unataka mtu akushike mkono."

Watoto wawili walikuja, Glenn akawapa povu, akayasifu mavazi yao. Walipoondoka akasema, "Mimi nilimshika. Baba alikwenda kuwasha gari, Mama alikuwa kwenye simu. Nilivua kinyago nikamshika mkono mpaka gari likaja, na ndani ya gari pia, kiti cha nyuma, gizani."

"Basi alikuwa na mtu," Tess akasema.

Akaanza kupuliza povu. Glenn aligeuza uso upande wa barabara, akakaa hivyo mpaka ulipotoka na stika.

Katika barua zako zote hukuwahi kutaja mkono. Nadhani hukujua.

Janelle